Pengo Kabla ya Pigo la Mwisho

Ndugu yangu Kasiano,

Tumsifu Yesu Kristo. Huko uliko, naamini, maneno ya kuitikia salamu hii, milele na milele, hayahitaji kusemwa, kwa kuwa ndiyo hali yenyewe ya kila siku; kwa hiyo sitakungoja uitikie. Mimi huku ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hunikumbusha ngazi za mnara kila ninapopiga magoti kanisani.

Nimechelewa kukuandikia. Tangu tukuzike wakati wa palizi mvua zimekwisha, mavuno yamepita, upepo wa kiangazi umevuma hadi ukachoka, na sasa mashamba yanangoja mvua nyingine. Sikunyamaza kwa kukusahau. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na shauri juu ya jina lako, na sikuona vema kumsumbua mtu aliyepumzika kwa shauri ambalo mwisho wake haujulikani. Sasa mwisho wake umejulikana. Tena nimeagizwa kukuandikia, na aliyeniagiza ni mtu ambaye mimi na wewe hatujapata kumshinda katika jambo lolote. Utamwona mbele. Niache niende taratibu, kama ilivyo desturi yangu, ambayo ulikuwa ukiilalamikia.

Unajua kwamba katika parokia yetu, Siku ya Marehemu, husomwa majina ya wale walioitumikia nyumba ya Mungu kwa mikono yao: mafundi waliochoma matofali, watunza sakristia, akina mama waliofua mavazi ya altare, na wapiga kengele. Kila jina likisomwa, kengele hupigwa mara moja, na jamaa wa marehemu husimama. Mjane wako, shemeji yangu Mama Yustina, alikwisha kufua gauni lake la kusimamia tangu mwezi wa nane. Kisha akasikia kisimani kwamba jina lako huenda lisisomwe, kwa kuwa ulikuwa mpiga kengele mbaya.

Alinijia nyumbani akiwa ameshika ndoo tupu. Hakuketi. Akasema, "Shemeji, mume wangu amepanda ule mnara akiwa mzima, amepanda akiwa mgonjwa, amepanda hata siku tuliyomzika mama yake. Jina lake litasomwa au halitasomwa?" Nikamwambia nitalisimamia. Akanitazama jinsi mtu anavyoitazama ahadi ya mvua, akaenda zake.

Nawe unaelewa ugumu niliokuwa nao, Kasiano. Wewe hukuwa mpiga kengele mbaya. Ulikuwa mpiga kengele bora kuliko wote niliopata kuwasikia katika nchi hii ya juu ya Ufipa, na ule ubaya ulikuwa kazi ya ufundi wako. Lakini ningewezaje kulieleza hilo mbele ya halmashauri ya walei bila kueleza na ule ubaya ulikuwa wa nini?

Nitakukumbusha mambo unayoyajua, kwa sababu napenda kuyakumbuka, na kwa sababu sasa sina mtu mwingine wa kuyakumbuka pamoja naye.

Jambo hili lilianzia seminari ndogo. Wewe ulikuwa zamu ya jikoni, na sisi wengine tulikuwa chini ya kanuni ya kimya, tusiruhusiwe kuuliza hata kama chakula kipo. Ndipo jioni moja, katika Litania ya Watakatifu, nikasikia sauti yako kutoka benchi la nyuma ikiuvuta zaidi kidogo kuliko kawaida ule "utuombee" wa Mtakatifu Laurenti, msimamizi wa wapishi. Tulipoingia bwaloni tukakuta nyama. Juma lililofuata hukuuvuta, tukakuta maharage, tena yale yenye wadudu. Baada ya hapo darasa zima lilisali litania kwa usikivu ambao Baba Gombera, mkuu wa seminari, hakupata kuuona katika darasa lolote. Alitusifu kwa maaskofu. Nilikuuliza kama si kosa kutia habari za jikoni ndani ya sala, nawe ukajibu, "Mungu hajanyimwa neno hata moja. Nimesali yote, nimevuta tu." Nimesoma vitabu vingi vya maadili tangu siku hiyo, na bado sijapata pa kulivunja jibu lako.

Hatukupata upadre, wewe wala mimi. Mimi nikawa katekista, wewe ukawa mpiga kengele na mkulima wa ulezi, na tukadhani ufundi ule umebaki bwaloni.

Kisha tukahamishwa, kila mtu na milango yake na madirisha yake kichwani, tukapangwa mstari mmoja karibu na misheni kuwa kijiji cha ujamaa. Shamba la kijiji likapimwa upande wa pili wa bonde. Mwanzoni watu waliitwa kazini kwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mkaratusi, lakini rimu ile ilikuwa na sauti ya bati, na kila mtu aliweza kuapa kwa moyo safi kwamba hakuisikia. Ndipo mwenyekiti wa kijiji alipomwomba Baba Paroko kengele ya kanisa, ipigwe kwa kazi asubuhi baada ya ile ya Malaika wa Bwana. Hiyo hakuna aliyeweza kuapa kwamba hakuisikia.

Na Bwana Shamba ndiye aliyekuwa shida. Bwana Mwaisaka, mtu wa Mbeya, mwenye bidii, Mkatoliki mwema, anayekaa Kizwite, mjini Sumbawanga, na kupanda kuja kwetu kwa baiskeli. Sina neno baya juu yake. Lakini alitaka kijiji kizima kiwe katika shamba la kijiji kila siku, na kila mmoja wetu alikuwa na ulezi wake nyuma ya nyumba, ambao ndio uliolisha watoto, na ulezi haupaliliwi kwa kutazamwa. Siku alizokuja, ilipasa tuwe kule. Siku alizobaki mjini, au alizoteremka Kirando kutafuta dagaa, tungeweza kupalilia vyetu. Naye hakumwambia mtu atakuja lini.

Ila wewe ulikuwa juu ya mnara. Kutoka pale barabara ya Sumbawanga inaonekana yote, hadi ule mwinuko ambapo mtu wa baiskeli hushuka akasukuma. Bwana Shamba hakupenda jua. Alikuja asubuhi au hakuja kabisa. Kwa hiyo, saa ya kengele ya kazi, wewe peke yako katika kijiji kizima ulijua.

Uliniita juu, tukakaa chini ya kengele, ukasema, "Fridolini, watu huficha kitu gizani, na ndiyo maana wanakamatwa. Kifiche mahali ambapo kila mtu amechoka kutazama." Ukanionyesha kwa mkono. Mapigo ni yaleyale, idadi ni ileile, hakuna kinachoongezwa wala kupunguzwa. Ila kabla ya pigo la mwisho, ukiacha pengo refu, maana yake barabara ni tupu. Ukiacha pengo fupi, maana yake anakuja. Mgeni akisikia, amesikia kengele. Mwenyeji akisikia, amesikia kengele na habari.

Nilidhani utaanza kesho yake. Hapo ndipo nilipoujua ukubwa wa akili yako, na ukubwa wa sadaka yako pia. Ulisema huwezi kuanza, kwa sababu mkono wako ulikuwa mzuri mno. Bruda aliyeitundika ile kengele ndiye aliyekufundisha, na mapigo yako yalitembea sawasawa kama masista wanaokwenda kukomunika. Pengo refu lingeonekana kama doa kwenye kitambaa cha altare. Ilibidi kwanza uharibu. Ukaanza kupiga vibaya bila ujumbe wowote, leo hapa, kesho pale, pengo refu mwanzoni, pengo fupi katikati, ukiyatawanya bila mpango. Msimu mzima ulipiga hivyo. Watu walilalamika. Akina mama walikuonea huruma. Baba Paroko alipaka grisi kwenye mhimili, haikusaidia. Akanunua kamba mpya, haikusaidia. Akakupeleka zahanati, mganga akakupima mikono yote miwili akasema huna ugonjwa, na Baba Paroko akasikitika zaidi, kwa kuwa ugonjwa angeweza kuuombea.

Ulipoona kwamba hakuna tena anayegeuka kengele inapochechemea, ndipo ukatia habari ndani yake.

Kijiji kilijifunza kwa siku chache. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyeitisha mkutano. Bibi alimwambia mkwe, mkwe akamwambia jirani. Mwenyekiti wetu mwenyewe alikuwa mwanafunzi mwepesi. Kulikuwa na matatizo, nayo uliyatatua kama mtu anayekaza kamba za kitanda. Upepo wa kiangazi ulipoibeba sauti, wale wa mwisho wa mstari, upande wa kuelekea Malangali, walisikia nusu ya mapigo, wakakaa njia panda na majembe yao wasijue waende wapi. Basi ukawa unasema jambo moja mara mbili, katika mzunguko wa kwanza na katika wa pili, ili upepo ukila moja libaki jingine.

Kosa ulilofanya lilikuwa la tamaa. Kazi ilipokwenda vizuri ulitaka kengele iseme zaidi. Ukaongeza pengo la kuonyesha kama Bwana Shamba amekuja na wageni kutoka wilayani. Hilo lilikuwa na maana. Kisha ukaongeza la mvua. Kisha, na hapa nilikuonya, ukaongeza la kutangaza ni nyumba ipi pombe ya ulezi imeiva. Asubuhi hiyo kengele iliyumba hivi kwamba Baba Paroko alitoka na sabuni usoni, akapanda mnara mwenyewe akidhani wewe umeanguka. Ulimwambia ni kizunguzungu. Akakushikisha ukuta, akakuteremsha ngazi moja moja kama mtoto, na wewe ukakubali kuteremshwa hivyo huku nusu ya kijiji ikitazama na kujua kwamba pombe iko kwa Mzee Sabasi. Kuanzia hapo ulirudi kwenye pengo lako moja. Ulisema, "Ukiipakia kengele mzigo mkubwa, hata kiziwi ataona inachechemea."

Na Bwana Shamba alifurahi. Kila alipokuja alitukuta wote, tumeinama, jasho linatiririka. Katika mkutano mmoja alisema maneno ambayo sitayasahau: "Nimefanya kazi sehemu nyingi. Sijaona kijiji kinachonipenda kama hiki." Mzee Sabasi aliinua mkono akasema, "Tukikuona tu, bwana, mikono inapata nguvu." Ulikuwa umekaa nyuma yangu, na nilisikia benchi likitikisika.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako.

Baba Paroko alimpa kengele Deogratias, yule aliyerudi kutoka jeshini. Kijana mwenye adabu. Akinikuta njiani husimama wima kwanza, ndipo aseme "Shikamoo, Katekista." Anapiga kengele kama anayepeleka gwaride: mapigo yote sawa, mapengo yote sawa, na pigo la mwisho linaanguka mahali pake kama buti. Baba Paroko alipoisikia mara ya kwanza alikaa chini kwenye ngazi za kanisa akafumba macho.

Lakini pengo fupi, Kasiano, lina maana yake. Na kwa Deogratias ni fupi kila siku. Kila asubuhi kengele ikawa inatangaza kwamba Bwana Shamba anakuja.

Siku ya kwanza kijiji kizima kilikwenda, hakikumwona, kikarudi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Mzee Sabasi alisimama katikati ya mahindi akasema, "Jamani, huyu kijana haongei na sisi. Anapiga tu." Kila mtu akaafiki kwamba kengele haisemi tena kitu. Na kesho yake kengele ikalia, na kila mtu akachukua jembe akaenda. Nilimuuliza mwenyekiti kwa nini. Akanijibu, "Najua haisemi kitu. Lakini je, kama leo ndiyo kweli?"

Nilijaribu kumsaidia kijana. Nilipanda ngazi zile na goti langu hili, nikamshauri kwa upole kwamba asubuhi nyingine ingependeza aache nafasi kidogo kabla ya pigo la mwisho, ili watu wapumue. Akasimama wima. Akauliza, "Kwa amri ya nani, Katekista?" Nikateremka.

Basi kijiji chetu kimelima. Shamba la kijiji limepaliliwa mara ambazo hakuna shamba limepata kupaliliwa. Mavuno yalikuja hivi kwamba ghala lilijaa, na mahindi mengine yakalazwa darasani na watoto wakasomea nje. Siku moja Bwana Shamba alikuja saa ya mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, baiskeli ikiwa imepasuka tairi njiani, akatukuta wote shambani bila yeye. Alivua kofia. Alisimama pembeni ya shamba muda mrefu, na macho yake yalikuwa na machozi. Nakuambia ukweli, hata mimi niliona aibu kidogo, na nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Ila furaha hiyo ndiyo iliyokuangusha. Katika sherehe ya mavuno Bwana Shamba alieleza siri ya maendeleo yetu. Alisema, "Ni kengele. Zamani, marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mbovu. Watu hawawezi kufuata kengele inayochechemea. Ndiyo maana siku nyingine kazi ilikuwa inalala, na mavuno ya zamani yanaonyesha." Kijiji kizima kikatazama chini. Mashtaka yale yalikuwa ya kweli, Kasiano. Kazi ililala kwa sababu ya kengele yako. Hakukosea hata neno, ila hakujua alichokuwa akisema, na sisi tuliojua hatukuweza kukutetea bila kukuhukumu.

Na kwa kuwa yeye ni mjumbe wa halmashauri ya walei, shauri la majina lilipofika, akasimama akasema kwa heshima zote kwamba heshima ile ni ya waliotumika vizuri. Kwamba jina lako likisomwa sawa na la Bruda, kijana Deogratias atavunjika moyo. Baba Paroko hakukataa. Alisugua paji la uso kama mtu anayezikumbuka asubuhi zako zote. Akasema shauri tutalikata katika kikao kijacho, na kwamba katekista, aliyekufahamu tangu seminari, aje na maneno.

Nilifunga siku ile ya kikao. Niliomba nipewe maneno ya kweli yasiyozidi kipimo. Tulikusanyika katika sakristia, wazee wa parokia, mwenyekiti, Bwana Shamba, na Deogratias karibu na mlango. Nje, chini ya dirisha, alikuwa amekaa Mama Yustina akijifanya anachambua mboga.

Nilisimama nikasema hivi: "Baba Paroko, ndugu zangu. Nilikuwa na Kasiano tangu tukiwa vijana. Nashuhudia, nikijua kwamba Mungu ananisikia, kwamba katika miaka yote aliyoshika kamba ile hakuna pigo lililoangukia mahali ambapo yeye hakukusudia." Nikakaa. Sikuwa na jingine.

Bwana Shamba alikunja uso. "Alikusudia kuchechemea?"

"Nimesema nilichokisema, bwana," nikamjibu.

Baba Paroko akanitazama, akawatazama wazee mmoja mmoja, naye kila aliyemtazama alikuwa na shughuli ya kutazama dari. Akasema, "Wanaotaka jina la Kasiano lisomwe, wainue mikono."

Laiti ungeona. Mikono ilipanda yote kwa mara moja, na Mzee Sabasi aliinua yote miwili. Hata Deogratias aliinua, naye alipoulizwa baadaye alisema aliona wote wameinua akadhani ni amri. Bwana Shamba peke yake alibaki na mkono wake gotini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Wazee wangu, nielezeni. Mnampenda hivi mtu ambaye kengele yake haikueleweka?"

Mzee Sabasi akasema polepole, "Tuliielewa, bwana."

"Mliielewa, na siku nyingine hamkuja kazini?"

"Tuliielewa sana, bwana."

Baba Paroko alishikwa na kikohozi. Alitoa leso, akaifunika midomo, mabega yakamtikisika, akasema kikao kimekwisha na tusali. Tulisali Baba Yetu moja, nayo aliisali upesi kuliko nilivyopata kumsikia. Kama amejua tangu lini, au kama ni kikohozi tu, sikumuuliza, naye hakuniuliza.

Siku ya Marehemu jina lako lilisomwa baada ya la Bruda. Kengele ikapigwa mara moja. Mama Yustina alisimama na gauni lake, Kasiano, akiwa amenyooka kama mshumaa wa Pasaka. Nilitegemea atalia. Hakulia. Alikuwa akiwatazama watu, nami nikajua kwamba kuna kitu anakihesabu.

Baada ya misa alinishika mkono wa koti nje ya kanisa. "Shemeji. Nilikuwa chini ya dirisha. Mikono ile ilipanda upesi mno. Watu hawa walimcheka mume wangu machoni pangu, kisha wakainua mikono kama wanaogawiwa nyama. Waliielewaje kengele yake?"

Hapo nikalikumbuka jambo ambalo mimi na wewe tulikubaliana tusilitaje. Katika kijiji kizima, mtu mmoja tu hakuambiwa, naye ni huyuhuyu Mama Yustina. Mdogo wake, Paskalia, alikuwa akimpikia Bwana Shamba kule Kizwite, na dada hawa wawili hawajapata kunyimana neno. Ulisema, "Paskalia akijua jambo asubuhi, Bwana Shamba analila mchana pamoja na mboga." Kwa hiyo mke wako alisikia kengele kama kengele. Pengo refu, pengo fupi, yeye alichukua jembe akaenda. Siku za barabara tupu alilima shamba la kijiji peke yake, bonde zima, na jioni alirudi kwako akisema, "Mume wangu, watu wa kijiji hiki ni wavivu ajabu," nawe ukameza ugali bila kuinua macho. Na kesho yake Bwana Shamba alipokuja akakuta udongo mbichi uliogeuzwa, akasema, "Naona na jana mlifanya kazi." Kengele yako ilituficha asubuhi, na jembe lake likatuficha jioni.

Nilimweleza yote. Katekista hawezi kumdanganya mjane katika uwanja wa kanisa. Alisikiliza bila kunikatiza, mkono wake ukiwa bado umekishika kipande cha koti langu. Nilipofika kwenye udongo mbichi, aliliachia koti, akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Nilingoja hasira. Kilikuja kwanza kicheko kidogo cha puani, kile unachokijua, kisha akakaa kwenye ngazi na kucheka hadi wanawake wengine wakaja kuuliza kama ni msiba mpya. Alipopata pumzi akasema, "Kwa hiyo hakuwa mbovu wa mkono."

"Hakuwa," nikasema.

"Nilijua," akasema. "Kamba ya mbuzi alikuwa anaifunga vizuri." Na hapo ndipo machozi yalipotoka.

Kisha akafuta uso, akasimama, akaniagiza barua hii. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza: "Mwambie jina lake limesomwa. Mwambie gauni lilinipendeza. Na mwambie kwamba nitakapofika huko, kama kuna shamba, nitakaa kivulini nisikilize kengele, na yeye atalima."

Nimetimiza agizo. Maandiko hayasemi wazi kama mbinguni kuna majembe. Nimetafuta kwa ajili yako, nikapata kwamba manabii wameahidi panga zitafuliwa ziwe majembe, na hilo limenitia wasiwasi. Lala salama, ndugu yangu, pumzisha mikono hiyo mizuri wakati bado una nafasi. Nami nakuahidi, mbele ya Mungu aliyetusikia sote katika litania, kwamba kila siku, asubuhi na jioni, nitamwombea Mama Yustina maisha marefu sana.

Mwenzako katika Kristo,
Fridolini, Katekista